Makopo Sita ya Dobi wa Wino

Kabati langu la filamu liko chumbani, mbali na dirisha. Lina droo nane, na katika kila droo kuna vikasha vya bati, vingine vidogo kama kopo la mafuta ya kujipaka. Ndani ya kila kikasha kuna katuni ya zamani, ya wakati ule sinema ilipokuwa bado haijaanza kusema. Nyingi hazimalizi dakika mbili. Nazungusha mkono wa projekta, mtu wa wino anatoka mlangoni, anateleza, anajikunja kama karatasi, anajinyoosha, anaondoka zake. Wateja wanaoniona dukani kwangu mjini, nikitoa fotokopi za vyeti na kupiga picha za pasipoti, hawajui kwamba nikifika nyumbani nafunga pazia ili nimtazame mtu huyo.

Nilianza bila kukusudia. Nyumba moja ya wazungu wa zamani, si mbali na posta, ilikuwa ikihamwa, na vitu vyake vilitandazwa barazani viuzwe. Nilikwenda kutafuta kiti cha ofisi. Nikarudi na sanduku lenye projekta ndogo ya kuzungusha kwa mkono na filamu kumi na moja, nyembamba kama utepe wa nywele, zenye matundu katikati badala ya pembeni. Siku ile umeme ulikuwepo. Nilielekeza taa kwenye shuka, nikazungusha, na paka aliyechorwa na mtu ambaye sitamjua kamwe akakonyeza jicho. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Marehemu baba, mwalimu aliyekuja Katanga na wazazi wake kutoka Kasai, alitufundisha kwamba kitu cha thamani ni kitabu, tena cha kusomea. Sijui angesema nini kuhusu binti yake kucheka peke yake mbele ya shuka.

Kilichonishika ni mstari. Katika katuni za siku hizi mstari umetulia kama waya. Katika zile za zamani unatetemeka, kwa sababu kila picha ilichorwa upya kwa mkono, na mkono hauwezi kurudia kitu kile kile mara mbili. Ukuta unapumua. Meza inacheza kidogo hata kama hakuna anayeigusa. Mara nyingine kivuli cha mchoraji mwenyewe kimeingia pembeni ya picha, na hakuna aliyekifuta. Baadaye nilifahamiana kwa barua, kisha kwa simu, na wakusanyaji wengine, hasa mzee mmoja wa Ulaya aliyefanya kazi ya kutunza filamu maisha yake yote. Ndiye aliyenifundisha tunachotafuta: nakala ya wakati ule ule, yenye mwanzo na mwisho wake, yenye rangi yake ya kuchovya, manjano kwa mchana na buluu kwa usiku, na kama Mungu akijalia, ndani ya kopo lake la kwanza. Filamu nyingi za aina hiyo hazipo tena duniani. Kwa hiyo kila iliyobaki inakuwa kama mtu wa mwisho wa ukoo.

Ukutani dukani nilikuwa nimebandika picha moja niliyoitoa katika filamu zangu, mpishi wa wino mwenye mikono mirefu. Mwezi wa saba mwaka juzi mzee mmoja akaja kutoa fotokopi za karatasi zake za malipo ya uzeeni. Alikuwa amevaa koti safi na viatu vilivyopigwa rangi, na kofia ameishika mkononi. Nilipomrudishia karatasi hakuzipokea. Alikuwa akimtazama mpishi.

“Uyu minajua ndugu yake,” akasema. “Iko ku nyumba kwangu, chini ya kitanda.”

Nilidhani ni maneno ya uzee. Lakini akanieleza taratibu kwamba ujana wake alikuwa msaidizi wa mwendesha projekta katika ukumbi mmoja wa wafanyakazi wa mgodi, ukumbi ambao ulikwisha kubomolewa. Baba yake alitoka Mitwaba kuja kufanya kazi ya reli, na yeye akapata kazi ya sinema kwa sababu mapadri walimjua. Jumapili alasiri, kabla ya filamu kubwa, waliwaonyesha watoto wa wafanyakazi katuni za zamani zisizosema, ambazo hata wakati huo zilikuwa zimechakaa. Ukumbi ulipofungwa, waliambiwa wazitupe. Yeye akabeba makopo sita.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Hewa Bora. Nyumba ilikuwa ya matofali, vyumba viwili na sebule, bati juu bila dari. Aliishi na binti yake, mjane wa umri wa kama miaka hamsini, fundi wa kushona, na wajukuu wawili waliokuwa shule ya bweni. Sebule ilijaa vitenge, vipande vya vitambaa na nguo za harusi zilizotundikwa kwenye misumari. Cherehani ilikuwa karibu na mlango wa chumba cha mzee. Binti alinipokea vizuri sana. Aliniita yaya, dada mkubwa, ingawa tulikuwa karibu rika moja, akanipa kiti kizuri, akarudi kupiga pasi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo alitumia pasi ya makala, yaani makaa, na mbabula, jiko la kuwashia makala hayo, ilikuwa hapo hapo kizingitini.

Mzee alipiga magoti, akavuta makopo moja baada ya jingine. Yalikuwa makubwa kama sahani, yameliwa na kutu. Alipofungua la kwanza, harufu ilinipiga usoni. Ilikuwa kali na chungu, kama soksi zilizosahaulika ndani ya kiatu kilichonyeshewa. Ndani hakukuwa na filamu, kulikuwa na gurudumu gumu la rangi ya kahawia. La pili na la tatu vivyo hivyo, na la tatu lilikuwa na unga kama wa ugoro. La nne na la tano vifuniko vyake vilikuwa vimeshikana. La sita lilifunguka.

Alishika ncha ya filamu pembeni kwa vidole viwili, akaivuta kuelekea dirishani. Niliona mwanamke wa wino, mnene, amejifunga kitambaa kichwani, amesimama kando ya beseni. Dobi. Katika picha zilizofuata alitundika nguo kwenye kamba, na upepo ukaja, na nguo zikashuka zenyewe zikaanza kutembea bila watu ndani yake. Suruali iliingia mkahawani, ikaketi. Gauni lilisimama mbele ya kioo. Rangi ya manjano ilikuwa bado hai, kama chai iliyoshikwa kwenye mwanga. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani filamu ile.

Nilirudi nyumbani nikamwandikia mzee wa Ulaya, nikamtumia picha za makopo. Kwa kawaida hujibu baada ya siku mbili tatu. Safari ile alijibu baada ya dakika tano, na hakunisalimu. Aliniambia kwamba filamu za upana ule, za umri ule, zimetengenezwa kwa kitu ambacho ni ndugu wa baruti. Kikianza kuoza kinajichemsha chenyewe. Joto likipanda kinaweza kuwaka bila moto wowote kukigusa, na kikishawaka maji hayakizimi, kinawaka hata ndani ya ndoo. Moshi wake unaua, wakati mwingine siku ya pili, mtu akidhani amepona. Aliuliza kama kuna watu wanaolala katika nyumba ile. Aliuliza joto la mji wangu hufika wapi mwezi wa kumi. Akasema nisizisogeze, nisizifungue, niwaite wazimamoto, niwaambie wote wa nyumba siku hiyo hiyo.

Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Kisha nikafikiri: wazimamoto wakija watachoma zote, na dobi pamoja nazo.

Jumamosi nilimwambia mzee peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Nilitegemea ashtuke. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono juu ya magoti. Akaniambia kwamba alijua tangu akiwa kijana. Alikuwa ameona chumba cha projekta kikiwaka katika ukumbi mwingine, kwa kupiga kope tu, na mwendesha projekta aliyemfundisha kazi alitoka mle ndani bila nyusi, bila ngozi ya masikio, na hakuishi wiki. Nikamuuliza kwa nini basi amelala juu ya vitu hivyo miaka yote. Alisema mkewe akiwa hai alipenda kusikia habari ya dobi, na kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho anayejua kwamba dobi yule alikuwepo.

“Mutoto yangu akijua, atatupa byote,” akasema. “Tumalizie dobi kwanza. Mbele ya mvua kuanza tutakuwa tumemaliza.”

Nikasema sawa. Naandika hapa kwamba nilisema sawa haraka, wala sikuombwa mara ya pili.

Tulianza mwezi wa nane. Kazi ilikuwa hivi: kioo juu ya sanduku, taa ndogo ya betri chini yake, mzee anavuta filamu taratibu juu ya kioo, mimi napiga picha kwa simu iliyofungwa kwenye kigoda, picha nne nne za filamu kwa mara moja. Baadaye, dukani, ningezikata kwenye kompyuta na kuzipanga ziweze kutembea tena. Tulifanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, kabla bati halijawa moto sana. Mzee alikuwa hodari. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Alikuwa akinieleza kile kitakachofuata kabla hakijafika, na mara zote alikuwa sahihi: sasa soksi zitavuka barabara, sasa polisi atapiga saluti mbele ya koti tupu. Tulicheka kwa sauti ya chini, kama watoto wanaocheka kanisani.

Upande wa pili wa mlango tuliisikia cherehani, kisha tulisikia pasi ikiwekwa chini juu ya chuma, kisha pumzi ya binti akipuliza makala.

Mwezi wa tisa ulipoingia joto likaanza. Ilikuwa ile hali ya Lubumbashi mvua ikiwa inakawia, vumbi jekundu limening’inia juu ya barabara na mbingu nyeupe kama maji ya sabuni. Harufu chumbani ilibadilika, ikawa tamu kidogo. Filamu ilianza kunata kwenye vidole. Sehemu nyingine zilikuwa na mapovu madogo yanayong’aa kama asali, na pale penye mapovu uso wa dobi ulikuwa umeyeyuka, amebaki na kitambaa kichwani na mdomo. Jumamosi moja tulipofungua kopo tuliliona kuwa vuguvugu, na bado ilikuwa asubuhi. Mzee aliliweka sakafuni, akasubiri, akaligusa tena. Tuliendelea.

Binti alianza kuumwa kichwa. Alidhani kuna panya aliyekufa ndani ya ukuta. Aliweka mitego, akamwaga dawa, akasugua sakafu ya chumba cha baba yake kwa sabuni, huku akisogeza makopo kwa mguu. Mimi nilikuwepo siku hiyo. Niliona kopo likigonga jingine. Alipomaliza alijifuta jasho akanigeukia.

“Yaya, weye hausikie ile harufu?”

Nilimwambia kwamba nina mafua.

Uwongo ule ulikuwa mfupi na ulitoka kirahisi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilihisi nini wakati ule, na kila mara napata jibu lile lile: nilikuwa nahesabu Jumamosi zilizobaki. Zilikuwa mbili. Nilikuwa hata nimechagua mahali pa kuyapeleka makopo tukimaliza, shimo la zamani la udongo nje ya mji, na nilikuwa nimemwahidi mzee wa Ulaya kwamba wenye nyumba wamekwisha kuambiwa. Yeye aliuliza kila wiki. Kila wiki nilimjibu vizuri.

Jumamosi ya kabla ya mwisho nilichelewa. Mteja mmoja alikuwa na faili nene la mahakamani, na mashine ilikwama mara mbili. Nilifika Hewa Bora yapata saa saba na nusu, jua limesimama kichwani. Mzee alikuwa sebuleni, amevaa shati la kanisani, kwa sababu wageni wao wa Mitwaba walikuwa wanafika jioni kwa ubatizo wa mtoto wa ndugu. Alikuwa ametoka kunyolewa. Kioo na sanduku vilikuwa tayari mezani. Alisema twende, dobi anatungojea.

Tuliingia chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu, hakina godoro. Chini yake sakafu ilikuwa imepigwa deki na inang’aa.

Nilimsikia binti nyuma ya nyumba akituita kwa furaha. Alisema ametoa kila kitu nje kipigwe na jua, godoro, masanduku, na ile bitu ya papa, vitu vya baba yake, kwa sababu amegundua kwamba harufu ya panya inatoka mle. Aliyapanga makopo vizuri, moja moja, juu ya bati la zamani alilokuwa anaanikia mihogo. Alikuwa ameyafunika na bati jingine ili vumbi lisiingie.

Mzee alitoka mbele yangu. Hakukimbia, alitembea kwa haraka ya mtu anayekwenda kumchukua mtoto karibu na kisima. Nilimshika shati kwa nyuma. Wakati huo huo lile bati la juu likainuka upande mmoja, kama mtu aliyelala chini yake ameamka, na tukasikia sauti ya hewa inayotoka. Kisha moto ukasimama. Ulikuwa wa manjano, mwembamba, mrefu kupita paa la jikoni, na ulinguruma. Sijawahi kusikia moto wenye sauti kama ile.

Shati lilichanika mkononi mwangu. Mzee alifika pale, akachukua kopo la mwisho, lile lililokuwa mbali kidogo na mengine, akalikumbatia, akageuka. Alipiga hatua mbili. Nilimwona akinitazama, uso umetulia kabisa, kama mtu aliyewahi. Kisha kopo likawaka mikononi mwake.

Jirani aliruka ua na ndoo ya maji. Moto ulikoroma ndani ya maji na kuendelea. Moshi ulikuwa mzito, rangi ya kutu, na ulikwenda chini chini badala ya kupanda. Binti aliingia ndani ya moshi ule. Alimshika baba yake makwapani akamburuta mpaka barabarani, akikohoa, akimwita. Mimi nilikuwa nimesimama penye mlango wa nyuma na kipande cha shati. Haikuchukua hata dakika nne. Jiko la nje liliungua lote, ukuta wa nyuma ukawa mweusi mpaka juu, na mpapai uliokuwa karibu ulikauka majani upande mmoja. Nyumba ilibaki. Nguo za harusi zilibaki kwenye misumari yake.

Hospitalini walishughulika na mikono ya mzee. Binti alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, anasema yeye hana kitu, kifua kinabana tu kidogo, anataka kwenda nyumbani kuwapokea wageni. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya mzee wa Ulaya kuhusu siku ya pili. Nilimfuata daktari nikamweleza kila kitu: filamu imetengenezwa kwa nini, moshi wake unafanya nini mapafuni, na kwamba mgonjwa anaweza kuonekana mzima. Daktari aliniuliza nimeyajua wapi haya. Nikasema niliandikiwa. Aliuliza lini. Nikasema mwezi wa saba.

Nilipogeuka, binti alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Yaya,” akasema, “weye ulijua?”

“Nilijua.”

“Na papa?”

“Na yeye.”

Alinitazama, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua vizuri. Kisha akarudi kwenye benchi akageuza uso kwenye ukuta. Walimlaza. Alfajiri kifua chake kilijaa, na kwa siku tatu alipumua kwa mashine. Daktari aliniambia baadaye kwamba kama angekwenda nyumbani jioni ile, wageni wa ubatizo wangemzika. Alisema hivyo kama anayenishukuru. Sikuweza kumtazama.

Mzee alilazwa wiki tano. Nilikwenda kila siku mchana, binti akiwa bado hawezi kutembea. Mikono ya mzee ilifungwa bandeji mpaka viwiko, miwili mieupe, imelala juu ya shuka kana kwamba si yake. Hakunilaumu na mimi sikujilaumu mbele yake, tulikuwa na aibu ya watu wawili walioiba pamoja. Siku moja nilimwambia kwamba picha tulizopiga zinafika mpaka nguo zinapopanga foleni kando ya mto, na baada ya hapo hatuna kitu. Nikamwomba aniambie mwisho.

Alifumba macho. Alisema dobi anakaa chini ya mti na kulia, na nguo zinamwonea huruma, zinarudi moja moja, zinajikunja zenyewe ndani ya beseni. Niliandika. Baada ya siku nne aliniuliza kama nataka kujua mwisho, kama vile hatujawahi kuzungumza. Safari ile alisema nguo zinaingia mtoni na kwenda na maji, na dobi anabaki na kamba tupu, anaitazama, kisha anajitundika mwenyewe kwa vibano vya nguo na upepo unampeleka. Nilimuuliza ni upi wa kweli. Alisema watoto walicheka sana.

Mikono haikurudi. Mwezi wa nne walimpeleka kwa ndugu zake Mitwaba, na mwezi wa sita nikasikia kwamba amefariki. Misa ya kumwombea ilifanyika hapa mjini, na mimi nikasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Binti alinipita akitoka. Hakunisalimu, wala hakuwaambia watu wake mimi ni nani.

Kwa zaidi ya mwaka sikumwona. Nilimaliza kupanga picha za dobi, kwa sababu sikujua kazi nyingine ya kufanya na picha zile. Zinatembea dakika nne na nusu. Sikumtumia mtu yeyote, hata mzee wa Ulaya, ambaye nilimwandikia ukweli wote na ambaye tangu hapo hajanijibu. Filamu zangu ndogo hazina hatari ile, zimetengenezwa kwa kitu kingine, nimehakikisha moja moja. Bado nazitazama. Raha imepungua na sitaki kudanganya kwamba imekwisha.

Mwezi uliopita, asubuhi ya Jumatatu, binti aliingia dukani. Amekonda, na akipanda ngazi mbili za mlangoni anasimama kupumua. Aliomba kuona kile ambacho baba yake alikiacha. Nilifunga mlango, nikageuza kompyuta upande wake, nikaketi nyuma yake ili asiwe na haja ya kuniona. Alitazama mpaka nguo zilipofika mtoni na picha ikasimama. Hakucheka. Aliomba nirudishe pale koti tupu linapopigiwa saluti, akalitazama tena, akasema papa yake alikuwa akilifanya lile koti jikoni, akitembea huku ameingiza kichwa ndani ya shati, na wao watoto hawakujua ametoa wapi.

Kisha akaniambia kilichomleta. Baba yake, siku za mwisho Mitwaba, alikuwa akirudia maneno fulani ambayo ndugu walidhani ni homa. Alisema walikuwa watatu. Ukumbi ulipofungwa, makopo yalikuwa kumi na nane, na waligawana sita sita. Mmoja alikwenda Zambia na hakurudi. Mwingine alikuwa na nyumba hapa hapa, na binti alikuwa amekwisha kuulizia katika parokia mpaka akaipata.

“Mi siwezi kubaeleza ile kintu muzuri,” akasema. “Weye unajua. Tuende.”

Tulikwenda siku ile ile, tukatembea polepole kwa ajili ya kifua chake. Nyumba ilikuwa na geti la chuma la buluu, watoto wengi uani, wanawake wawili wakitwanga. Mwenye nyumba, mke wa mjukuu wa mwenzake huyo wa mzee, alitupatia viti kivulini. Mimi ndiye niliyesema. Nilieleza kila kitu bila kujificha, na binti alikunja mikono ya blauzi yake kuonyesha kovu la moto alilolipata akimburuta baba yake, kisha akakohoa, na hakuhitaji kuongeza. Mwanamke alisikiliza kwa makini. Alisema ndiyo, kuna sanduku la babu darini, zito, lina kufuli, halijafunguliwa tangu aolewe hapo. Alisema sanduku ni la mume wake na ufunguo anao mwenyewe. Mume yuko mgodini mbali, atarudi mwisho wa mwezi wa kumi. Hawezi kumruhusu mtu kuligusa yeye akiwa hayupo.

Tulimwomba angalau watoto wasilale chini ya dari ile. Alitazama nyumba yake, vyumba vyake vitatu, akauliza walale wapi. Tukamwomba ampigie mume simu. Akasema huko mgodini mtandao haukamati, ila atajaribu. Nilimwandikia namba yangu kwenye kipande cha karatasi, akaikunja akaiweka kwenye fundo la kitenge, akatushukuru, akatusindikiza mpaka getini.

Kesho yake nilikwenda kwa wazimamoto. Waliandika jina la mtaa katika daftari. Nimerudi huko mara mbili.

Leo ni tarehe kumi na tisa ya mwezi wa kumi. Mvua haijanyesha. Binti ananipigia kila asubuhi kuuliza kama yule mama amepiga simu, na kila asubuhi namwambia bado.